Kukata maneno marefu ya Kiingereza katika silabi na kupata mkazo wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa sekondari, walimu wa shule za msingi, wazazi wanaosaidia watoto kazi za nyumbani, na watu wazima wanaojiandaa kwa usaili. Vistari vinaonyesha mahali pa kukata silabi, na silabi yenye mkazo mkuu imeandikwa kwa herufi kubwa. Maswali yamepewa namba kwa sababu majibu mengine yanakurudisha kwenye swali lililotangulia.

## Misingi

1. Kwa nini siwezi kukata neno la Kiingereza kama ninavyokata la Kiswahili?

Katika lugha zote mbili, silabi ni pigo moja la sauti, na kwa kawaida kitovu chake ni irabu. Ila Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na silabi zake karibu zote huishia kwa irabu: *ki-ta-bu*, *wa-na-fu-nzi*, *nyu-mba-ni*. Mtoto akishajua a, e, i, o, u anaweza kuhesabu silabi za neno lolote kwa macho tu.

Kiingereza hakikupi nafasi hiyo. Silabi yake moja inaweza kubeba konsonanti tatu mwanzoni na nyingine kadhaa mwishoni, huku irabu ikiwa moja katikati. *Strengths* lina herufi 9 na silabi moja. *Area* lina herufi 4 na silabi tatu. Kwa hiyo hesabu irabu zinazosikika, usihesabu zilizoandikwa. Mengi yanayofuata hapa chini yanatokana na hilo.

2. Nitajuaje neno lina silabi ngapi kama sina kamusi?

Weka kiganja chini ya kidevu, kisha tamka neno polepole. Kidevu hushuka kila unapopita kwenye irabu. *Breakfast*: mara mbili. *Education*: mara nne. Njia hii hufanya kazi ikiwa tu unatamka Kiingereza chenyewe. Ukisema *film* kwa mazoea ya “filimu”, kidevu kitashuka mara tatu wakati neno lina silabi moja.

Kwa karatasi na kalamu: pigia mstari irabu zote, futa *e* ya mwisho isiyotamkwa, kisha unganisha irabu mbili zinazotoa sauti moja. Tuchukue *questionable*. Hapo *ue* ni sauti moja, *io* ni moja, *a* ni moja, na *le* ya mwisho inahesabiwa peke yake kwa sababu iliyoelezwa katika swali la 5. Jumla ni nne: *ques-tion-a-ble*.

3. Mkazo ni kupaza sauti tu?

Hapana. Silabi yenye mkazo hupanda kidogo kwa toni, huvutwa, husikika kwa nguvu, na irabu yake hutamkwa wazi. Wakati huohuo silabi za jirani hufifia. Irabu nyingi zisizo na mkazo hugeuka sauti fupi ya katikati ya kinywa iitwayo shwa, ambayo kamusi huiandika kwa *e* iliyopinduliwa: ə. Ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na haina herufi yake. Huvaa *a* katika *about*, *e* katika *taken*, *o* katika *lemon*, *u* katika *circus*.

Angalia *banana*. Zipo *a* tatu, lakini ya katikati pekee ndiyo inayotamkwa kamili. Ya kwanza na ya tatu ni shwa. Sisi tuliolelewa katika Kiswahili huipa kila irabu haki yake, kwa hiyo tunapoambiwa tuweke mkazo tunaongeza nguvu mahali pamoja na kuziacha nyingine zote zikiwa kamili. Hiyo ni nusu ya kazi. Ukizidhoofisha silabi za pembeni, mkazo hujitokeza wenyewe bila kupiga kelele.

4. Kwa nini wengi wetu hukosea mahali palepale?

Kwa sababu masikio yetu yamezoea silabi ya pili kutoka mwisho: *ki-TA-bu*, na ukiongeza kiambishi mkazo unasogea, *ki-ta-BU-ni*. Maneno yanayokiuka ni machache, kama *lazima* na *barabara* ile yenye maana ya “sawasawa”. Hata maneno tuliyokopa tumeyatia adabu hiyo: Mwingereza husema *HOS-pi-tal*, sisi *ho-spi-TA-li*; yeye *OF-fice*, sisi *o-FI-si*. Wakati mwingine bahati hutuangukia, kama kwa *po-LICE* na *po-LI-si*.

Mazoea hayo ndiyo huzaa *de-ve-LOP-ment* badala ya *de-VEL-op-ment*, na *ve-ge-TA-ble* badala ya *VEGE-ta-ble*. Ukishajua chanzo, jiulize swali moja kila ukutanapo na neno refu: nimeweka mkazo hapa kwa sababu neno linataka, au kwa sababu ndipo Kiswahili kinapouweka?

## Kukata silabi

5. *Table*, *button* na *rhythm* yana silabi mbili, lakini nasikia irabu moja. Imekuwaje?

Msemaji wa Kiswahili ndiye mtu wa mwisho kushangazwa na hili. Katika *m-tu* na *n-chi*, konsonanti inabeba silabi peke yake bila irabu, tena hata mkazo inaubeba. Kiingereza hufanya hivyo mwishoni mwa neno, hasa kwa *l*, *n* na *m*: *ta-ble*, *but-ton*, *rhy-thm*. Ila za Kiingereza hazibebi mkazo kamwe.

Kwa maneno ya *-le*, konsonanti inayotangulia huenda nayo: *can-dle*, *mar-ble*, *sim-ple*. Isipokuwa *ck*, ambayo haitenganishwi: *tick-le*, *buck-le*. Katika *cas-tle* na *whis-tle* herufi *t* imo kwenye maandishi tu.

6. Konsonanti mbili au tatu zikikutana katikati, nikate wapi?

Sukuma upande wa kulia konsonanti nyingi kadiri zinavyoweza kuanzisha neno la Kiingereza, zinazobaki ziache kushoto. *Industry* hukatwa *in-dus-try* kwa sababu *tr* huanzisha maneno mengi. *Number* ni *num-ber*, kwani hakuna neno la Kiingereza linaloanza na *mb*.

Hapo ndipo wengi wetu huteleza. Kwetu *mb*, *nd*, *ng* na *nj* ni mwanzo halali wa silabi: *ja-mbo*, *ka-nda*, *nyu-mba*. Mkono unaandika *nu-mber* na *wi-ndow* bila kufikiri. Kwa Kiingereza ni *num-ber*, *win-dow*, *fin-ger*, *dan-ger*.

Herufi ikijirudia, karatasini unakata katikati, *hap-py*, *sum-mer*, lakini kinywani ni *p* moja na *m* moja. Herufi mbili zinazotoa sauti moja, kama *sh*, *ch*, *th* na *ph*, hazitenganishwi: *moth-er*, *ma-chine*, *el-e-phant*. Angalia tu zisiwe zimekutana kwa ajali ya maneno mawili kuungana. *Mishap* ni *mis-hap*, halina “sh” hata kidogo. Vivyo hivyo *up-hill*, *hot-house*, na *shep-herd*, yule mchungaji wa kondoo, ambaye *h* yake haisikiki kabisa.

7. Konsonanti moja kati ya irabu mbili iende upande gani?

Ikiwa irabu ya kwanza ni ndefu au inatamkwa kama jina la herufi yake, kata kabla ya konsonanti: *mu-sic*, *o-pen*, *stu-dent*. Ikiwa ni fupi na ina mkazo, kata baada yake: *lem-on*, *sev-en*, *rap-id*. Wanaisimu wenyewe hawakubaliani kuhusu kundi hili la pili, na kwa kuhesabu silabi au kutafuta mkazo haibadilishi chochote. Usipoteze usingizi.

8. Herufi *e* ya mwisho hutamkwa lini?

Mara nyingi haitamkwi. Kazi yake ni kurefusha irabu iliyotangulia, kama katika *hope* na *make*. Lakini maneno kadhaa, hasa yenye asili ya Kigiriki na Kilatini, huitamka kama “i”: *rec-i-pe* ina silabi tatu, *a-pos-tro-phe* na *ca-tas-tro-phe* nne nne.

Wanafunzi wa fasihi ya Kiingereza ndio hukumbwa zaidi, kwa kuwa majina ya tamathali za semi yamejaa humo. *Simile* ni *SIM-i-le*, silabi tatu. *Hyperbole* ni *hy-PER-bo-le*, silabi nne, ingawa wengi huisoma kana kwamba mwisho wake ni bakuli, *bowl*. *Synecdoche* ni *syn-EC-do-che*, na *ch* yake ni “k”. Ongeza *e-PIT-o-me*.

9. Je, *-ed* na *-es* huongeza silabi?

*-ed* huongeza silabi ikifuata sauti ya *t* au *d* tu: *want-ed*, *need-ed*. *Worked*, *played* na *watched* yana silabi moja moja, hata kama karatasi inaonyesha irabu mbili. Yapo machache yaliyobaki na matamshi ya zamani kama vivumishi: *na-ked*, *wick-ed*, *sa-cred*, na *learn-ed* likiwa na maana ya msomi.

*-es* huongeza silabi baada ya sauti kama *s*, *z*, *sh*, *ch* na *j*: *box-es*, *watch-es*, *judg-es*. *Makes* na *hopes* hayaongezi kitu.

10. Irabu mbili zikifuatana, ni silabi moja au mbili?

Inategemea neno, na hapa macho hayatoshi. *Read* ni moja, *re-act* ni mbili. *Cre-ate*, *po-et*, *sci-ence* na *li-on* ni mbili. *Mu-se-um* ni tatu. *Quiet* ni mbili na *quite* ni moja, na kuzichanganya hizo mbili ni kosa linaloonekana hadi kwenye mabango. Dalili nzuri ni kiambishi awali kinachoishia kwa irabu: *re-en-ter*, *co-op-er-ate*, *co-in-cide*.

Mikia, yaani viambishi tamati, ya *-tion*, *-sion* na *-cian* ni silabi moja daima. Usikate *na-ti-on*. Mtego upo kwenye kemia: *cation*, ioni yenye chaji chanya, halina mkia huo. Ni *CAT-i-on*, silabi tatu, kama mwenzake *AN-i-on*.

## Kutafuta mkazo

11. Kuna kanuni, au ni kukariri tu?

Yote mawili. Msamiati wa Kiingereza umetoka pande tofauti. Maneno ya asili ya Kijermaniki, ukoo wa lugha uliozaa Kiingereza na Kijerumani, hupenda mkazo kwenye mzizi: *FA-ther*, *WA-ter*, *be-GIN*. Baada ya Wanormani kutoka Ufaransa kuiteka Uingereza mwaka 1066, yaliingia maneno mengi ya Kifaransa, baadaye ya Kilatini na Kigiriki, kila kundi na desturi zake. Mwaka 1968 wanaisimu Noam Chomsky na Morris Halle walichapisha kitabu kizito kikijaribu kuonyesha kwamba mkazo wa Kiingereza una utaratibu, na mjadala haujafungwa.

Kwa msomaji wa kawaida, jambo la kufurahisha ni hili: kadiri neno linavyorefuka, ndivyo mkazo wake unavyokuwa rahisi kukisia. Maneno mafupi ndiyo ya kukariri. Maneno marefu yana mikia, na mkia husema karibu kila kitu. Kwa hiyo soma neno refu kuanzia nyuma.

12. Mikia ipi inaamua mkazo?

Kundi la kwanza huweka mkazo kwenye silabi iliyo kabla ya mkia. Humo mna *-tion*, *-sion*, *-cian*, *-ic*, *-ical*, *-ious* na *-ian*: *ed-u-CA-tion*, *de-CI-sion*, *mu-SI-cian*, *ec-o-NOM-ic*, *po-LIT-i-cal*, *mys-TE-ri-ous*, *li-BRAR-i-an*. Wakaidi wa kundi hili ni wachache na wanajulikana: *TEL-e-vi-sion*, *POL-i-tics*, *AR-a-bic*, *CATH-o-lic*, na *a-RITH-me-tic* likiwa nomino.

Kundi la pili huhesabu silabi tatu kutoka mwisho: *-ity*, *-logy*, *-graphy*, *-nomy*, *-cracy*, pamoja na vitenzi vya *-ate* vyenye silabi tatu au zaidi. *U-ni-VER-si-ty*, *bi-OL-o-gy*, *ge-OG-ra-phy*, *e-CON-o-my*, *de-MOC-ra-cy*, *com-MU-ni-cate*, *par-TIC-i-pate*. Kundi hili likikukaa kichwani, sehemu kubwa ya majina ya masomo na taaluma imekwisha.

Kundi la tatu huvuta mkazo kwenye mkia wenyewe: *-ee*, *-eer*, *-ese*, *-ette*. *Em-ploy-EE*, *ref-u-GEE*, *en-gi-NEER*, *vol-un-TEER*, *Chi-NESE*. *Com-MIT-tee* na *COF-fee* hayamo.

13. Mikia ipi haigusi mkazo?

*-ness*, *-less*, *-ful*, *-ly*, *-ing*, *-er*, *-ment*, *-ship* na *-hood*. Hizi zibandue kwanza, tafuta mkazo wa kilichobaki, kisha zirudishe. *De-VEL-op*, *de-VEL-op-ment*, hata *un-der-de-VEL-op-ment*: mkazo haujasogea hata hatua. *MAN-age* hutoa *MAN-age-ment*. *GOV-ern* hutoa *GOV-ern-ment*.

*-able* huwa mpole pia, *de-PEND-a-ble*, ila ana marafiki wachache anaowageuka: *com-PARE* hutoa *COM-pa-ra-ble*, *pre-FER* hutoa *PREF-er-a-ble*, *ad-MIRE* hutoa *AD-mi-ra-ble*.

14. Na neno lisilo na mkia ninaoutambua?

Likiwa na silabi mbili, nomino na vivumishi hupenda mkazo mwanzoni, vitenzi hupenda mwishoni: *TA-ble*, *HAP-py*, lakini *de-CIDE*, *re-LAX*. Likiwa na silabi tatu au zaidi, jaribu ya tatu kutoka mwisho kabla ya kwenda kwenye kamusi: *EL-e-phant*, *HOS-pi-tal*, *CAL-en-dar*. Utakosea mara kadhaa. *Ba-NA-na*, *to-MA-to* na *po-TA-to* wanafuata njia ya Kiswahili. Bado ni kisio bora kuliko kuangukia ya pili kutoka mwisho kila mara.

15. Nionyeshe kwa neno refu hasa.

*Uncharacteristically*. Anza nyuma. *-ly* haigusi mkazo, ibandue. *-al* inayobaki ipo kuunganisha tu, ibandue nayo. Mbele kuna *un-*, kiambishi awali cha kukanusha, hakigusi mkazo, kiweke kando. Limebaki *characteristic*, na mkia wake ni *-ic*. Kanuni ya swali la 12: mkazo kabla yake, yaani kwenye *is*. Rudisha vyote: *un-char-ac-ter-IS-ti-cal-ly*. Macho yanaona silabi nane, kinywa kinatoa saba, kwa sababu *-ically* hutamkwa kama “ikli”.

Jingine: *unconstitutionality*. Hapa usikimbilie *-tion*, kwa sababu haiko mwisho. Mkia wa mwisho ndio wenye amri, nao ni *-ity*. Hesabu tatu kutoka nyuma: *un-con-sti-tu-tion-AL-i-ty*. Wanaosisitiza *tu* wametii mkia wa ndani na kumsahau wa nje.

16. Kwa nini mkazo huhamahama ndani ya familia moja ya maneno?

Kwa sababu kila mkia mpya huleta amri yake. *PHO-to-graph* ina mkazo mwanzoni. Ongeza *-y*, umepata mkia *-graphy*: *pho-TOG-ra-phy*. Weka *-ic*: *pho-to-GRAPH-ic*. Sikiliza irabu zinavyobadilika pia: *o* ya kwanza iliyokuwa kamili katika neno la kwanza imekuwa shwa katika la pili, na *o* ya pili imeamka. *E-CON-o-my* na *ec-o-NOM-ic* ni hivyohivyo, na *POL-i-tics*, *po-LIT-i-cal*, *pol-i-TI-cian*. Jifunze familia kwa pamoja, usijifunze neno mojamoja.

17. Neno lilelile, mkazo tofauti, maana tofauti: ni kweli?

Ni kweli, na ni jozi nyingi. Nomino huchukua mwanzo, kitenzi mwisho: *REC-ord* ni rekodi, *re-CORD* ni kurekodi. *IM-port* na *im-PORT*, *PER-mit* na *per-MIT*, *CON-tract* na *con-TRACT*, *REB-el* na *re-BEL*. Wengine hawana habari na utaratibu huu: *re-PORT*, *re-SPECT* na *sur-PRISE* hubaki vilevile katika kazi zote mbili.

18. Mkazo wa pili ni kitu gani?

Neno refu haliwezi kutembea na mkazo mmoja tu. Katika *re-spon-si-BIL-i-ty* mkazo mkuu uko kwenye *bil*, lakini *spon* nayo hubaki na nguvu kidogo. Mara nyingi mkazo wa pili ni kumbukumbu ya neno mama: *re-SPON-si-ble* ilikuwa na mkazo hapo, *-ity* ikauhamishia mbele, ukaacha kivuli. *Ex-AM-ine* na *ex-am-i-NA-tion* ni hivyohivyo.

Chukua *pro-nun-ci-A-tion*: mkazo mkuu kwenye *a*, wa pili kwenye *nun*. Ndiyo, *nun*. Kitenzi ni *pronounce* chenye *ou*, nomino imeipoteza hiyo *o*. Neno lenye maana ya matamshi nalo hutamkwa vibaya.

## Mahali penye utata

19. Waingereza na Wamarekani hawakubaliani. Nimfuate nani?

Mfuate mmoja na udumu naye. Mwingereza husema *la-BOR-a-to-ry* na *ad-VER-tise-ment*. Mmarekani *LAB-o-ra-to-ry* na *ad-ver-TISE-ment*. Wakati mwingine hata idadi ya silabi hutofautiana kwa sababu maandishi yenyewe yametofautiana: *al-u-MIN-i-um* tano dhidi ya *a-LU-mi-num* nne. Mitaala ya Kenya na Tanzania imejengwa juu ya Kiingereza cha Uingereza, kwa hiyo mwanafunzi ana jibu lake tayari. Na kuna maneno ambayo Waingereza wenyewe wanabishana: *CON-tro-ver-sy* au *con-TROV-er-sy*, *KIL-o-me-tre* au *ki-LOM-e-tre*. Ukitumia lolote kati ya hayo, huna kosa.

20. Vitone ndani ya neno la kamusi vinaonyesha silabi?

Si lazima. Katika kamusi nyingi vitone huonyesha mahali unaporuhusiwa kukata neno mwisho wa mstari, na hilo ni suala la wachapaji. Kamusi nyingine hazitii kitone kabisa kwenye *about*, ingawa lina silabi mbili, kwa sababu haifai kuacha herufi moja peke yake mwisho wa mstari. Desturi ya Marekani hufuata matamshi, *democ-racy*, *knowl-edge*. Ya Uingereza kijadi hufuata namna neno lilivyoundwa, *demo-cracy*, *know-ledge*.

Hata mashine hubabaika. Franklin Liang, katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1983, alitunga mbinu ya kukata maneno ambayo mfumo wa kupanga maandishi wa TeX huitumia hadi leo. Lakini programu inayotazama herufi tu haiwezi kujua kama *record* iliyo mbele yake ni *rec-ord* au *re-cord*.

Kwa mkazo, tazama sehemu ya matamshi. Alama ˈ juu huwekwa kabla ya silabi yenye mkazo mkuu, na ˌ chini kabla ya ile yenye mkazo wa pili. Baadhi ya kamusi za Kimarekani huweka alama baada ya silabi. Soma ukurasa wa maelezo mwanzoni mwa kamusi yako, ule ambao hakuna anayeusoma.

21. *Comfortable* ni silabi tatu au nne?

Karatasini nne, kwa wasemaji wengi tatu: *COMF-ta-ble*. Silabi dhaifu inayofuata mkazo humezwa. Ndivyo ilivyo kwa *veg-e-ta-ble*, *choc-o-late*, *ev-er-y* na *in-ter-est-ing*. *Wednesday* imekwenda mbali zaidi, ni mbili tu na *d* ya kwanza haisikiki. Kwa jinsi kufifia huku kunavyotokea, rudi swali la 3.

22. Mkazo wa maneno mawili yaliyoungana?

Kwa kawaida huangukia neno la kwanza: *BLACK-board*, *GREEN-house*, *CLASS-room*. Yakiwa hayajaungana, la pili huchukua nguvu: *a green HOUSE* ni nyumba yoyote iliyopakwa rangi ya kijani, haina uhusiano na kilimo cha nyanya.

23. Nimesikia *thirteen* ikitamkwa kwa mkazo mwanzoni. Ni kosa?

Peke yake ni *thir-TEEN*. Ikifuatwa na neno lenye mkazo mwanzoni, Kiingereza husogeza mkazo nyuma ili mapigo mawili yasigongane: *THIR-teen PEO-ple*. Vilevile *af-ter-NOON* lakini *AF-ter-noon TEA*. Kamusi hukupa neno likiwa peke yake. Sentensi ina mambo yake.

24. Mtihani wa KCSE, ule wa kumaliza sekondari nchini Kenya, huuliza mambo haya?

Huuliza. Karatasi ya kwanza ya Kiingereza, 101/1, ina alama 60, na 30 kati yake ni za stadi za kusikiliza na kuzungumza. Humo mtahiniwa anaweza kuambiwa apige mstari silabi yenye mkazo, au aeleze maana inavyobadilika mkazo ukihamia neno jingine la sentensi. Ukiambiwa silabi, pigia mstari silabi nzima. Kupigia irabu peke yake, au neno zima, ni kumpa msahihishaji sababu ya kukunyima alama uliyoistahili.

25. Nikikosea mkazo nitaeleweka?

Kwa wenzako wa Nairobi au Dar es Salaam, mara nyingi ndiyo; nao wana mazoea yaleyale ya swali la 4. Kwa msikilizaji wa mbali hali ni tofauti, kwa sababu mzawa wa Kiingereza hutumia mkazo kulitambua neno kabla halijaisha. Ukimwambia *com-for-TA-ble* kwa irabu zote kamili, atatafuta neno lenye “table” ndani yake. Makosa madogo ya sauti, kama *th* kuwa “z” au “d”, humsumbua kidogo kuliko hilo.

26. Lile neno refu kuliko yote hukatwaje?

Wanafunzi hupenda *antidisestablishmentarianism*, herufi 28, silabi 12 ukihesabu *m* ya mwisho kuwa silabi kama ya *rhythm*: *an-ti-dis-es-tab-lish-men-TAR-i-an-is-m*. *-ism* haigusi mkazo. Ibandue, utaona *-ian* ikiweka mkazo kabla yake, kwenye *tar*.

Refu zaidi katika kamusi kubwa ni *pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis*, herufi 45, jina la ugonjwa wa mapafu lililobuniwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno nchini Marekani. Likate vipande kwanza: *pneumono*, *ultra*, *microscopic*, *silico*, *volcano*, *coniosis*. Kisha silabi: *pneu-mo-no-ul-tra-mi-cro-scop-ic-sil-i-co-vol-ca-no-co-ni-O-sis*, kumi na tisa, na *p* ya kwanza haitamkwi. Mkazo mkuu uko kwenye *o* ya *-osis*, palepale ulipo katika *tu-ber-cu-LO-sis*.